Kifurushi cha Vipimo vya Tezi na Chupa ya Mwani ya Mlango wa Pili

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa na maabara binafsi ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja jina. Maabara hiyo huuza kifurushi cha vipimo vya tezi na homoni: damu huchukuliwa asubuhi, majibu hutumwa kwenye simu jioni ya siku hiyohiyo, na mteja ambaye majibu yake yana alama nyekundu huelekezwa kwenye duka la tiba asili lililo mlango wa pili, ambako huuziwa chupa ya mwani uliosagwa hadi ukawa kama uji mzito. Kwa kuwa tezi yangu ya shingo, yaani thairoidi, haizalishi homoni ya kutosha na ninatumia levothairoksini, dawa ya kuijazia homoni hiyo, kwa miaka mingi, nilikuwa na majibu ya hospitali ya kulinganisha nayo. Maoni yangu ni kwamba kipimo chenyewe ni kizuri, maelezo yanayoambatana nacho ni duni, na mwani ni chakula kizuri kilichobandikwa lebo isiyostahili.

Nianze na yanayostahili sifa. Aliyenitoa damu alikuwa na mkono mwepesi, jina na tarehe ya kuzaliwa vilihakikiwa mbele yangu kabla ya kubandikwa kwenye kichupa, na risiti ilitolewa bila kuombwa. Namba za TSH, homoni inayoichochea thairoidi, na T4, homoni kuu ya thairoidi yenyewe, zilikaribiana sana na zile za hospitali. Hata hivyo, niliulizwa kama nimekula, jambo ambalo kwa kipimo cha TSH halina uzito mkubwa, lakini sikuulizwa ninatumia dawa gani wala virutubisho gani.

Pengo hilo si dogo. Vidonge vya kukuza nywele na kuimarisha kucha mara nyingi huwa na bayotini, aina ya vitamini B, ya mikrogramu 5,000 hadi 10,000, wakati mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni takribani mikrogramu 30. Mashine nyingi za kupima homoni hutegemea bayotini hiyohiyo katika vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, hivyo ile iliyozidi kwenye damu huvuruga kipimo: TSH husomeka chini kuliko ilivyo, na T4 husomeka juu. Mtu mwenye afya yake anaweza kuondoka na karatasi inayoonyesha kwamba tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, ilhali kilichozidi ni kidonge cha nywele. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2017. Kwa kawaida hushauriwa kuacha vidonge hivyo kwa angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na zaidi ya hapo kwa wanaomeza dozi kubwa sana. Swali moja la mapokezi lingemwepusha mteja na hofu ya bure na gharama ya kurudia.

Karatasi ya majibu ndiyo hasa anayoilipia mteja, nayo ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Ina safu ya vipimo kumi, viwango vya rejea pembeni, na mshale mwekundu kwa kila namba iliyotoka nje ya viwango hivyo, basi. Hakuna mahali inapoelezwa kwamba viwango vya rejea kwa kawaida hupangwa ili viwajumuishe asilimia 95 ya watu wenye afya, maana yake ni kwamba katika kila watu wazima wa afya 20, mmoja atapata mshale bila kuwa na ugonjwa wowote. Ukimpima mtu huyo vitu kumi visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau mshale mmoja unafika takribani asilimia 40. Kifurushi kinachotangazwa kuwa kamili kwa sababu kina vipimo vingi ndicho pia chenye nafasi kubwa zaidi ya kumpeleka mtu asiye mgonjwa dukani kununua dawa.

Namba ya kusoma kwanza ni TSH. Homoni hii haitoki kwenye tezi ya shingo bali kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo ni kama msimamizi wa shamba ambaye sauti yake hupanda kadiri kibarua anavyolegea. Kwa hiyo TSH iliyo juu, yaani zaidi ya takribani 4 mIU/L katika maabara nyingi, huashiria tezi iliyolegea, na iliyo chini ya takribani 0.4 huashiria tezi iliyozidisha kazi. Watu wengi huisoma kinyume, wakidhani mshale wa juu ni homoni nyingi. Baada ya hapo hutazamwa T4 huru, yaani ile isiyobebwa na protini za damu. TSH ikiwa juu na T4 huru ikiwa chini, tezi imepungukiwa kweli na tiba huhitajika. TSH ikiwa juu kidogo huku T4 huru ikiwa sawa, daktari mara nyingi hurudia kipimo baada ya wiki au miezi kadhaa kabla ya kuamua lolote, kwa sababu hali hiyo inaweza kurudi sawa yenyewe, na kwa wazee TSH hupanda kidogo hata bila ugonjwa. TSH ikiwa chini kabisa na T4 huru ikiwa juu, hasa kwa mtu anayekonda, anayetetemeka mikono au ambaye moyo wake unaenda mbio, huyo anapaswa kwenda hospitali, si mlango wa pili.

Kifurushi hiki hupima pia T4 jumla, na sioni kwa nini. T4 nyingi katika damu huwa imebebwa na protini, na protini hizo huongezeka kwa mwanamke mjamzito na kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. T4 jumla yake itapanda na kupigwa mshale, ilhali T4 huru, ambayo ndiyo inayofanya kazi mwilini, haijabadilika. Mjamzito ana jambo jingine: katika miezi mitatu ya kwanza homoni ya ujauzito huichochea tezi na kuishusha TSH, kwa hiyo viwango vya rejea vya watu wengine havimfai. Karatasi niliyopewa ilikuwa na viwango vya aina moja tu kwa watu wote.

Upande wa homoni nyingine nitaupitia haraka, kwa kuwa haukunivutia. Kotisoli, homoni ya msongo, huwa juu asubuhi na kushuka jioni, projesteroni, mojawapo ya homoni za uzazi, hutegemea siku ya mzunguko wa hedhi, na karatasi haikuandika saa ya kutoa damu wala siku ya mzunguko. Namba hizo mbili kwa hiyo hazina wa kuzitafsiri. Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ya mama, ina manufaa zaidi, kwa sababu tezi iliyolegea inaweza yenyewe kuipandisha, na anayekutwa na TSH ya juu pamoja na prolaktini iliyopanda kidogo kwa kawaida hutibiwa tezi kwanza. Kipimo cha kingamwili za TPO, yaani zile zinazolenga kimeng'enya cha thairoidi, nacho kina thamani yake pale TSH inapokuwa juu, kwani huonyesha kama chanzo ni ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi. Ugonjwa huo umebeba jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912.

Sasa chupa. Mwani wenyewe, kwa maelezo ya muuzaji, unatoka Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kilianza kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambako wakulima walio wengi ni wanawake wa vijiji vya pwani kama Paje na Jambiani. Sina ugomvi na bidhaa hiyo kama chakula. Haina harufu kali, imeoshwa vizuri, haina mchanga, na ukiitia kwenye uji au maji ya matunda huyafanya mazito bila kubadilisha ladha. Ugomvi wangu ni na lebo, ambayo inasema bidhaa hiyo ina madini 92, husawazisha homoni na huponya tezi, lakini haisemi popote ina madini joto kiasi gani kwa kijiko.

Hilo ndilo swali la pekee lenye maana kwa mgonjwa wa tezi. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mjamzito takribani 250. Madini hayo yakikosekana, tezi huvimba na kuwa rovu, ugonjwa ambao zamani ulienea sana katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na chumvi yenye madini joto ndiyo iliyobadilisha hali hiyo kwa sehemu kubwa. Kwa familia inayotumia chumvi hiyo, upungufu si chanzo cha kwanza cha kukisia. Yakizidi nayo huleta madhara: tezi inayopokea madini joto mengi kwa ghafla hupunguza kutengeneza homoni, jambo lililoelezwa na watafiti Wolff na Chaikoff mwaka 1948, na ingawa tezi yenye afya hujirudi baada ya siku chache, ile yenye Hashimoto inaweza isijirudi, huku yenye vivimbe ikaweza kulipuka upande wa pili na kuzalisha homoni kupita kiasi. Aina za mwani hutofautiana mno kwa kiasi cha madini joto, na hata mavuno ya aina moja hayalingani. Kumpa mgonjwa chupa isiyo na kipimo ni kumpa dawa isiyo na dozi.

Rafu za duka hilo zina mengine pia. Habasoda angalau imewahi kujaribiwa: utafiti mdogo wa Iran uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa wagonjwa wa Hashimoto gramu 2 za unga wake kwa siku kwa wiki 8, na TSH yao ikashuka. Waliohusika ni watu 40 tu, kwa hiyo ni dalili ya kufuatiliwa, si ruhusa ya kuacha dawa. Ashwagandha, mmea wa tiba asili ya India, inaweza kupandisha homoni za tezi, hivyo ni hatari kwa mwenye homoni nyingi na huwavuruga wanaotumia levothairoksini. Muuzaji alinikataza pia kabichi, ushauri ambao kwa mtu anayeila imepikwa na anayetumia chumvi yenye madini joto hauna msingi.

Kilichoniudhi zaidi ni ushauri wa kurudi kupima baada ya wiki mbili ili kuona mwani umefanya nini. T4 hukaa kwenye damu muda mrefu, nusu yake ikipungua kwa takribani siku 7, na TSH huchelewa kuifuata, ndiyo maana madaktari husubiri wiki 6 hadi 8 baada ya kubadilisha dozi. Mtu angefaidika zaidi kuambiwa ameze levothairoksini kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya maziwa, na aitenganishe kwa saa nne na vidonge vya chuma au kalisiamu. TSH nyingi zinazokataa kushuka huanzia kwenye kikombe hicho cha chai.

Bei ya kifurushi ni zaidi ya mara tatu ya TSH na T4 huru vikipimwa peke yake. Bei ya viwili hivyo haikuandikwa kwenye ubao wa mapokezi, lakini nilipouliza niliambiwa vinapatikana siku yoyote ya kazi, na majibu yake hutoka jioni ileile.