Tableti ya bei chee Kariakoo: kagua kabla hujalipa

Hii ya inchi 7 niliyomnunulia mwanangu Kariakoo, kwa katuni inatosha. Kioo kinang'aa, ila ukiiinamisha kidogo rangi zinageuka. Boksi limeandikwa nafasi ya kuhifadhi GB 256. Mimi maandishi ya boksi siyaamini, nikamwambia muuzaji aiwashe. Kwenye mipangilio: GB 16, na karibu nusu imeshaliwa na mfumo wenyewe! Bei ikashuka hapohapo. RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, ni GB 2, ukifungua YouTube na WhatsApp kwa pamoja inaganda. Halafu ingia Play Store, gusa picha ya akaunti, mipangilio, kisha kuhusu: isiposema kifaa kimeidhinishwa (yaani na Google), achana nayo. Kamera usiulize. Chaja ya boksini inapata moto, natumia ya simu yangu.