Uzoefu wangu na theHunter: Call of the Wild: pori la mwenye nusu saa na la mwenye usiku mzima

Gemu nyingi za kuwinda hupendelea upande mmoja. Nyingine zinamlegezea mchezaji wa kupitisha muda hadi mnyama anasimama tu akingoja risasi. Nyingine zinamfuata aliyebobea, na mgeni anachoka kabla hajaona hata mkia. theHunter: Call of the Wild, iliyotengenezwa na studio ya Expansive Worlds ya Uswidi na kutoka mwaka 2017, ndiyo ninayoirudia kila mara, kwa sababu imewaingiza wote wawili kwenye pori moja bila kumdanganya yeyote. Uzuri wa misitu yake wameshausifu wengi. Mimi nataka kuzungumzia ugumu.

Humu hakuna mahali pa kuchagua rahisi, wastani au ngumu. Ugumu umewekwa ndani ya mnyama mwenyewe: pua yake, masikio yake, macho yake na ratiba yake ya siku. Skrini inakuonyesha upepo unavuma kuelekea wapi, unapiga kelele kiasi gani na unaonekana kiasi gani, basi. Upepo ukitoka mgongoni kwako kwenda kwa kulungu, harufu inakutangulia, ukifika ameshaondoka. Ukipita kichakani umesimama wima, majani yanakusema. Ukiinama kelele inapungua, ukitambaa inapungua zaidi, lakini jua nalo halikungoji. Hayo yote hayahitaji vidole vyepesi. Ndiyo maana mtu asiyezoea gemu za kufyatua risasi anaweza kuwa msasi mzuri hapa, na bingwa wa kufyatua akarudi mikono mitupu.

Kinachomwokoa mwenye muda mfupi ni ramani. Kila aina ya mnyama ina saa zake za kunywa, kula na kupumzika, na ukishagundua mahali pao, eneo hilo linawekwa kwenye ramani pamoja na saa zake. Jasho la juzi halipotei. Leo una nusu saa tu: unafungua ramani, unachagua kando ya ziwa wanakokunywa kulungu asubuhi, unajihamishia kwenye kituo cha karibu, unapumzika hapo ili saa zisogee, kisha unatoka na kwenda kukaa upande ambao upepo unakupiga usoni. Umewinda kweli ndani ya nusu saa hiyo. Hakuna mnyama aliyepumbazwa kwa ajili yako. Kilichofupisha safari ni ujuzi uliouchuma mwenyewe. Sijaona gemu nyingine ya aina hii inayomheshimu mtu mwenye shughuli nyingi kwa namna hiyo.

Aliyebobea naye anakutana na kulungu yuleyule, ila anamtazama kwa jicho jingine. Darubini inamwonyesha kiwango cha ugumu cha kila mnyama: wa 1 hana makuu, wa 9 ni wa kusimuliwa. Akishamwangusha, windo linapimwa. Risasi iwe ya daraja linalolingana na mnyama, kwani kuna madaraja 9, sungura akiwa la 1 na nyati la 9. Risasi zisizidi mbili. Mnyama apigwe kwenye kiungo cha uhai kama moyo au mapafu ili afe upesi, na pembe au fuvu linalopimwa lisiguswe. Hapo ndipo shaba, fedha, dhahabu na almasi zinapoachana. Aliyetaka kulungu tu ameshampata, na pointi zake kapata. Anayetaka almasi hana budi kutimiza masharti yote, na huenda akamwacha dume mzuri apite kwa sababu amegeuka vibaya. Yaani pigo moja lina maana tofauti kulingana na mpigaji alichokuja kutafuta. Kosa halikufukuzi porini, linashusha thamani ya windo lako, na mimi naona huo ndio usawa wenyewe.

Kuna kipengele kingine ambacho wageni hukilaumu na mimi nakitetea. Ukiua wanyama wengi sehemu moja, ramani inageuka zambarau hapo, na wanyama wanalihama eneo lao. Inauma ukipoteza mahali ulipopazoea. Lakini bila hivyo kila mtu angekaa kwenye ziwa moja akiua mpaka achoke, na ugumu wote ungekufa. Vibanda vya kuvizia vinapunguza athari hiyo, kwa hiyo mwenye kupanga mambo mapema ana njia yake.

Kucheza na wenzako, hadi watu 8, kunaonyesha mizani hii vizuri zaidi. Mgeni na mkongwe wanaingia hifadhi moja na mnyama habadiliki kwa sababu mmeongezeka. Linganisha na gemu ya Monster Hunter: World ya 2018, ambako mwenzako mmoja akijiunga, uhai wa dubwana ulipanda kwa kipimo kilekile cha kundi la watu wanne. Nyongeza ya Iceborne ya 2019 ndiyo iliyoleta kipimo cha watu wawili. Mchezaji dhaifu aliyekuja kusaidia alikuwa anaufanya uwindaji uwe mgumu zaidi kwa rafiki yake. Huku, mwenzako akipiga kelele atamkimbiza kulungu, na hilo ni kosa analoweza kulirekebisha kwa kuinama.

Sasa nilipokatia alama. Nimeipa 8 kati ya 10, na pengo liko mwanzoni na mwishoni.

Mwanzoni, bunduki nzuri zimefungwa nyuma ya pesa na ngazi, hifadhi ni kubwa, na vituo vingi lazima uvifikie kwanza kwa miguu ndipo uweze kujihamishia. Saa hizo za kwanza ndizo anazohitaji kushikwa mkono mtu wa kupitisha muda, na ndizo zinazomchosha. Vituo vichache vya ziada vilivyo wazi tangu siku ya kwanza vingemsaidia bila kumgusa mnyama hata unywele.

Mwishoni yuko Great One, mnyama wa kiwango cha 10 anayepatikana kwa aina chache, kama kulungu mwekundu na dubu mweusi. Wanaomtafuta huua wanyama wa aina ileile tena na tena, wakitumaini kwamba nafasi iliyoachwa na aliyekufa itajazwa na yeye. Hapa sikubaliani na waundaji. Kungoja bahati kunakula muda, ila muda si ugumu. Upepo haujawa mkali zaidi, sikio la mnyama halijawa jepesi zaidi. Mwenye nusu saa kwa siku amefungiwa mlango, na mwenye usiku mzima hajifunzi kitu kipya. Gemu ya Way of the Hunter ya 2022, kutoka Nine Rocks Games ya Slovakia, ilichukua njia ninayoiona bora: ubora wa kundi unategemea unayemuua na unayemwacha. Ukiondoa madume dhaifu na kuwavumilia vijana wenye pembe zenye mwelekeo mzuri, kundi linainuka. Hapo subira inatumia akili, na hata anayeingia mara moja moja ana jambo la kuamua. Natamani Great One naye angezaliwa kwa uamuzi wa namna hiyo.

Kwa anayeanza, washa viashiria vyote vya skrini na uanze na kifaa cha kuitia wanyama. Keti, ita, nyamaza. Ukimjeruhi mnyama usimkimbilie. Damu ya kwanza utakayoikuta chini itakuambia anavuja kwa kasi gani, ndipo uamue kufuata sasa au kusubiri. Kwa aliyezoea, zima viashiria na uchukue upinde. Masafa yakifupishwa hivyo, upepo unarudi kuwa bwana wa mchezo, na kulungu wa kiwango cha 3 anakuwa kazi tena.

Hifadhi mbili, Layton Lake na Hirschfelden, zinakuja na gemu yenyewe. Nyingine zinalipiwa kando. Najua wengi watavutiwa mapema na Vurhonga Savanna ya 2018, yenye nyumbu, ngiri na tandala mdogo. Ni nzuri kweli. Ila humo simba na nyati ni daraja la 9, na bunduki ya kuanzia haiwawezi. Maliza kwanza kujipanga kwenye zile mbili, ufungue silaha inayostahili, ndipo ulipie.