Kishikwambi kigumu ndani ya lori la tumbaku, Tabora
Kishikwambi kigumu tulichokifunga kwenye lori letu la tumbaku, linalotoka Urambo kwenda Tabora mjini, kimeniridhisha hasa kwa kiwango chake cha IP65, ambamo tarakimu 6 inamaanisha kwamba vumbi haliingii kabisa na 5 kwamba kinahimili maji yanayorushwa kwa mpira. Kile cha kawaida tulichotangulia kutumia kilijaa vumbi jekundu kwenye tundu la chaji hadi waya ukagoma kushika. Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni umeme: lori kubwa hutumia volti 24, nazo hushuka ghafla dereva anapopiga stata, kwa hiyo chagueni kinachopokea volti 9 hadi 36. Kioo chake husomeka juani. Bei ni kubwa.