FreeBSD dukani Langoni: kazi safi, ila pembe zina maneno

Duka letu la kuchapa, kuskani na kutoa kopi liko uchochoroni Langoni, hapa Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui. Mwaka na zaidi sasa, faili za wateja zinakaa kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza, inayoendeshwa na FreeBSD, mfumo endeshi kama Windows. Bei yake? Hata ndururu. Ni programu huria, na toleo lake la kwanza lilitoka 1993.

Stima ya kisiwani ikikatika haibishi hodi. Hapo ndipo nilipoipenda FreeBSD. Mfumo wake wa kuhifadhi faili, ZFS, haufuti cha zamani ili uandike kipya. Huandika kipya pembeni kwanza, kikikamilika ndipo hukitambua. Umeme ukizimika katikati, cha zamani kipo kizima. Nimewasha tena mara nyingi roho mkononi, nikakuta barua za watu zimo. Upande wa waifai FreeBSD imekuwa nyuma miaka mingi. Mimi nilivuta waya nikamaliza. Na kama unaogopa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, usijisumbue.

Maneno yalianza na katuni. Maskoti wa FreeBSD, yaani kikatuni cha kuitambulisha, ni Beastie, kijishetani chekundu chenye pembe mbili, mkia wenye ncha, raba miguuni na uma mkononi. Nilikuwa nimeuweka mchoro wake kwenye skrini ya kuwashia, kwa ushabiki tu. Siku moja stima imerudi, kompyuta inaamka, mama mmoja aliyeleta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake akamwona. Akavuta audhubilahi, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu ndiye mnayempa karatasi zetu akae nazo?"

Tangu siku ile mwenzangu dukani hana wimbo mwingine: wenye mradi wamtupe Beastie, wachukue mnyama asiye na kesi. Punda, kwa mfano. (Punda wa Lamu, kwa kazi anazobeba, angestahili.) Anasema Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, wana pengwini wao tangu 1996 na hajamkimbiza mteja yeyote, watoto wa hapa wanamwita bata. Nikamkumbusha kwamba hata huyo aliwahi kupumzishwa: mwaka 2009, katika toleo la Linux 2.6.29, nafasi yake alipewa mnyama wa Tasmania, kisiwa cha Australia, anayeangamizwa na saratani ya uso, kisha bata akarudi.

Mimi namtetea Beastie, na utetezi wangu ni wa lugha. Beastie ni mchoro wa "daemon", na daemon, kwa watu wa kompyuta, ni programu inayofanya kazi kimya bila kuonekana: moja inapokea kazi za printa, nyingine inasahihisha saa. Wahandisi wa chuo cha MIT, Marekani, walilichukua jina hilo miaka ya 1960 kutoka kwa "demon", kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia Maxwell, aliyekaa mlangoni akichambua chembe za gesi bila kuchoka. Sasa huyo ni shetani? Sisi watu wa pwani tunajua tofauti. Huyo ni jini wa kutumwa, ruhani. Hata uma wake una maana: programu moja kujigawa mbili huitwa "fork", yaani huo huo uma.

Wenye mradi wenyewe walitafuta njia ya kati. Mwaka 2005 walishindanisha wachoraji, wakapata nembo mpya, tufe jekundu lenye pembe, na Beastie akabaki maskoti. Nilimwonyesha mwenzangu. Akasema pembe ni pembe.

Basi nilifungua faili la loader.conf, lenye mipangilio ya kuwashia, nikaandika loader_logo="none", skrini ikabaki maandishi matupu. Dakika mbili. Naipa FreeBSD nne kwa tano. Hiyo moja niliyokata ni ya waifai, Beastie hahusiki.

Yule mama alirudi Alhamisi kutoa kopi. Akachungulia chini ya meza. "Mmemtoa?"

Nikamwambia, "Kwenye skrini hayupo, mama."

Akanitazama kidogo, akahesabu kopi zake moja moja.