Kofia ya viua niliyoagiza Lamu: kazi njema, duka baya

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na kofia yenyewe. Kofia ya viua niliyonayo sasa, yaani kofia iliyonakshiwa kwa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ni kazi ya mkono safi kuliko zote nilizowahi kuzishika, na mume wangu aliivaa katika Maulidi ya Mfungo Sita, akatembea pale msikiti wa Riyadha kwa mikogo ambayo sikuizoea kwake. Ugomvi wangu ni na duka lililoniuzia, mtaa wa Langoni, na hasa na bwana anayekaa nyuma ya meza yake. Nyota mbili nimezitoa kwa shingo upande, na huenda nikazipunguza kabla sijamaliza kuandika.

Niliagiza mapema, kwa sababu kila aliyekulia pwani anajua kwamba kofia ya namna hii huchukua miezi. Nilichagua nakshi, nikaacha kofia kuukuu ya mume wangu iwe kipimo, nikatoa arubuni ya nusu ya bei (bei yote ilikuwa shilingi 7,000), nikaahidiwa kwamba itashonwa kwa sindano na mwanamke wa papa hapa Lamu. Siku ya kuichukua nilikabidhiwa kofia nyeupe pepepe ndani ya mfuko wa nailoni. Nikaigeuza ndani nje.

Anayeshona ataelewa kwa nini. Mimi hufuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya kulabu, na shangazi yangu alishona kofia mpaka macho yakamkatalia, kwa hiyo najua kwamba uongo wa nguo hujificha upande wa ndani. Kiua cha mkono huanza kwa kitambaa kutobolewa kwa ncha, kisha ukingo wa tundu huzungushiwa uzi, mshono kwa mshono, hata tundu likawa wazi na likafanana mbele na nyuma. Hii niliyopewa ilikuwa na nyuzi zilizoruka kutoka ua moja hadi jingine, vipande vya karatasi ya kukazia vilikuwa bado vimenasa chini ya mishono, na nilipoiinua kwenye mwanga wa mlangoni niliona kwamba vingi katika hivyo vinavyoitwa viua havikuwa na tundu lolote, bali miviringo tu ya uzi juu ya kitambaa kizima. Ilikuwa kazi ya cherehani ya kompyuta. Sina chuki na cherehani. Kofia zake ni za bei nafuu na zina watu wake. Lakini bei niliyotozwa haikuwa ya cherehani.

Nilimwambia kwa adabu, "Bwana, hii siyo niliyoagiza." Hakuitazama kofia. Alinitazama mimi, akajibu, "Dada, hii ni kofia, si buibui. Mwachie mwenye kichwa aje aseme mwenyewe."

Nimejaribu kulisamehe neno hilo nikashindwa. Kofia za viua hushonwa na nani, kwa sehemu kubwa, kama si wanawake, majumbani mwao, baina ya kupika na kulea? Hata ng'ambo huko Oman, ambako wana kofia yao iitwayo kumma, yenye matundu yanayokaribiana sana na haya yetu, sindano hiyo imo mikononi mwa wanawake. Bwana huyu anakula kwa jasho lao, kisha mwanamke akimwonyesha kasoro anaambiwa aende akamlete mume. Na ukutani ametundika kibao kinachojigamba kwamba mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, ili mgeni aamini kwamba kila kilichomo dukani ni urithi.

Sikuondoka. Nilidai arubuni yangu, sauti zikapanda, wapita njia wakasimama kutazama, na punda aliyebeba mchanga akakwama nyuma yao asipate pa kupita. Nadhani ni huyo punda aliyenisaidia, kwa kuwa mwenye punda alianza kupiga kelele kuliko mimi. Hapo ndipo bwana alipovuta droo akatoa kofia iliyofungwa katika gazeti. Ilikuwa na nakshi yangu na kipimo changu, na ilikuwa imekwisha kitambo. Alidai kwamba mteja mwingine ameipenda na kwamba hakufikiri mimi ningejali.

Basi nikaipokea, na lazima niwe mkweli: hasira ilinitoka. Viua vya utosini ni vidogo kiasi kwamba kijiti cha kiberiti hakipiti, na hakuna kimoja kilichopinda. Pale ukanda wa kuzungukia kichwa unapokutana na duara la juu, nilipapasa kwa ukucha nikitafuta mwanzo wa mshono nisiupate. Imeshafuliwa, ikatiwa wanga na kuanikwa juu ya bakuli, na imerudi wima kama siku ya kwanza. Huyu mama aliyeishona namtolea nyota tano, na kama duka lina watu kama yeye, pengine nilipaswa kulihukumu kwa upole.

Lakini nilipouliza ni nani aliyeishona, ili nimpe japo salamu na shukrani, bwana alisema hayo si yangu. Nikamuuliza mshonaji hupata kiasi gani katika zile 7,000. Akaanza kufunga mlango, adhuhuri ikiwa bado. Kwa hilo ninaondoa nyota moja, inabaki moja, nayo ni ya yule mama na si ya duka.

Mdogo wangu wa kiume ameiona kofia na sasa anaitaka ya kwake kwa ajili ya harusi, na kwingine kote alikoonyeshwa kazi hajaona ya kufanana na hii. Nimemwambia aende mwenyewe, maadamu ana kichwa, ila asitoe hata shilingi kabla ya kuigeuza kofia ndani nje papo hapo mezani.