Jumanne ya mieleka Kakamega: uzoefu wangu kutoka benchi la tatu

Ukumbi wenyewe uko nyuma ya stendi ya matatu mjini Kakamega, mabati juu, mabati ubavuni. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe bado ananidai shilingi sitini. Kiingilio ni thelathini. Wikendi wanaonyesha mpira, siku nyingine filamu, na kila Jumanne saa mbili usiku ni mieleka, Raw nzima, kile kipindi cha kila wiki cha kampuni ya WWE ya Marekani, bila kukatwa. Nimeketi humo tangu Machi 2025. Nimeuona ukifurika, nikauona ukikauka, na kuna mahali nilitia mdomo, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba mimi si shahidi asiye na upande.

Runinga ni kubwa ya kutosha, hata aliye nyuma anaona jasho la refa. Mabenchi ni kumi na manne, ya mbao, yamepigwa misumari na mtu aliyekuwa na haraka. Vaa suruali nzito. Stima ikipotea kuna jenereta, ambayo huchukua kama dakika saba kuwaka na hutumia dakika hizo kutukumbusha jinsi petroli ilivyopanda bei. Choo sikisemi.

Kitu cha thamani humo ndani ni mfasiri. Ni kijana mwembamba anayesimama kando ya runinga na kipaza sauti, na wanamieleka wakianza kurushiana maneno yeye anayageuza papo hapo kuwa Kiswahili cha hapa kwetu. Hatafsiri neno kwa neno. Tarehe 17 Machi 2025 mwanamieleka John Cena alitokea Brussels, Ubelgiji, akiwa ameshageuka mbaya baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kuwa kipenzi cha watoto. Hakupiga mtu usiku ule, alisimama tu ulingoni akawaambia mashabiki kwamba uhusiano wake nao ulikuwa wa mateso. Mfasiri wetu akamfanya mume aliyekuja kwa wakwe na kikao cha wazee, anahesabu makosa ya mke mmoja baada ya jingine, na sisi watazamaji ndio mke. Watu walimjibu Cena kwa sauti. Mzee mmoja wa benchi la mbele alisimama akamwambia arudishiwe ng'ombe wake aende. Ngumi hata moja haikurushwa, na Jumanne iliyofuata tulikaa watano watano kwenye benchi la watu wanne.

Mwenye ukumbi hakuliona hilo nililoliona mimi. Yeye aliona watu wengi na kusikia makelele, akadhani makelele ndiyo yaliyowaleta. Kufikia Julai alikuwa amenunua spika mpya mbili zenye besi ya kutikisa mabati, na ili kufidia gharama akamwachisha mfasiri kazi. Tukabaki na watangazaji wa Kimarekani wanaoongea kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Halafu watu wakapungua. Badala ya kurudi nyuma akaongeza mambo mawili: kipindi akakirefusha kwa kuweka pambano la zamani la saa nzima kabla ya Raw kuanza, na mlangoni akaandika kwa chaki kwamba atakayetaja matokeo kabla ya kipindi atatolewa nje bila kurudishiwa pesa.

Hilo la matokeo nalielewa. Kule Marekani kipindi kwa kawaida huanza Jumatatu saa mbili usiku kwa saa za New York. Kwetu hiyo ni saa kumi alfajiri ya Jumanne, au saa tisa usiku wakiwa wamesogeza saa zao mbele. Hakuna mtu wa boda atakayeamka saa hiyo kumwangalia Cody Rhodes. Tunangoja jioni, na hadi jioni simu imeshasema nani kashinda. Mwenye ukumbi aliamini simu ndiyo inayomwibia wateja.

Usiku mmoja wa Septemba tulikuwa watu tisa, nikihesabu na mtoto wake. Baada ya kipindi nikabaki kumsaidia kupanga mabenchi, nikamwambia, "Mzee, si simu."

Akaniuliza ni nini basi. Yeye ni Mwisukha, wa wale Waluhya wanaopiganisha fahali, na Jumamosi ya fahali humkuti mjini. Atakuwa Khayega au Malinya. Nikamuuliza, "Fahali wawili wakikutana pale Khayega, huwa wanapigana muda gani?"

"Inategemea. Wengine hata dakika tano hawamalizi. Mmoja akikimbia, imeisha."

"Na watu hutoka mbali kuja kuona dakika tano?"

Akacheka, kwa sababu jibu analijua kuliko mimi. Fahali huimbiwa. Ngoma za isukuti hupigwa, mwenye fahali hutembezwa na watu wake, majina ya fahali hutajwa na matusi hutupwa kwa upande wa pili. Anayefika uwanjani tayari ana upande. Pembe zinapogongana, kazi kubwa imeshafanywa na midomo na ngoma. Kwetu kazi hiyo aliifanya mfasiri.

Hapo nikampa historia ambayo naijua kama wengine wanavyojua ukoo wao. Miaka ya tisini Marekani ilikuwa na vipindi viwili vya mieleka vilivyogombania Jumatatu usiku. Raw ilianza Januari 1993. Nitro, ya kampuni ya WCW, ikaanza Septemba 1995, na kwa takriban wiki 83 mfululizo, tangu katikati ya 1996, ikawa inaishinda Raw kwa watazamaji. Iliyogeuza meza ni tarehe 13 Aprili 1998. Usiku huo Raw iliwaahidi watu kwamba Steve Austin, mfanyakazi mkaidi, atapigana na bosi wake mwenyewe, Vince McMahon. Nchi nzima ya watu wanaochukia mabosi wao ikaketi. Na pambano halikufanyika! Mtu mwingine aliingilia, kipindi kikaisha, na bado Raw ikashinda usiku huo. Watu walienda kulala wakiwa na deni la kudai, na wiki iliyofuata wakarudi kulidai.

Waswahili tunasema dawa ya deni ni kulipa. Katika mieleka ya kila wiki dawa hiyo hunyweshwa kwa kijiko, kidogo kidogo. WCW walijaribu kunywa chupa nzima Julai 1998: Goldberg dhidi ya Hulk Hogan kugombea ubingwa, bure kwenye runinga, Georgia Dome imejaa. Walishinda usiku huo, sawa, lakini pambano la kuuzwa kwa pesa nyingi lilikuwa limeshaliwa.

"Na matokeo je?" akaniuliza. "Wakijua nani kashinda, waje kufanya nini?"

Hapa nilifurahi kuulizwa. Tarehe 4 Januari 1999 Raw ilikuwa imerekodiwa kabla, na Nitro ilikuwa moja kwa moja. Mtangazaji wa Nitro akaagizwa kuwaambia watazamaji kwamba upande wa pili Mick Foley, yule mnene mwenye sikio lililokatika, atachukua ubingwa usiku huo. Akasema kwa dharau, kana kwamba nani atataka kuona hilo. Watu kwa mamia ya maelfu wakabadilisha chaneli wakamwone. Walikuwa wameambiwa matokeo waziwazi, na matokeo ndiyo yaliyowapeleka. Walimpenda Foley kwa muda mrefu, walitaka kuiona siku yake kwa macho yao. Usiku huohuo Nitro ikawalipa waliobaki kwa noti bandia: Hogan akamgusa Kevin Nash kifuani kwa kidole kimoja, Nash akajiangusha chali, ubingwa ukabadilisha mikono. Kumchelewesha mtazamaji, atavumilia. Kumcheka usoni, hapana. Kufikia Machi 2001 WCW ilikuwa imenunuliwa na mpinzani wake, wenye Raw.

Mzee alinyamaza, akafuta maandishi ya chaki kwa kiganja. Spika hakuzigusa. Alizilipia.

Kuhusu urefu wa kipindi tulibishana zaidi, kwa sababu yeye anaamini mteja hupewa nyongeza kama muuza nyanya anavyofanya. Lakini Raw yenyewe iliongezwa kuwa ya saa tatu Julai 2012, na kwa miaka mingi saa ya tatu ndiyo iliyokuwa ikipoteza watu. Wamarekani waliliona hilo kwa sababu Nielsen, kampuni inayowahesabu watazamaji kwa vifaa vilivyowekwa katika nyumba zilizochaguliwa, ilikuwa ikikikata kipindi vipande vya robo saa na kuonyesha watu walihamia wapi. Kipande kilichopata alama 8.4 katika kipimo cha Nielsen Septemba 1999, kati ya vilivyopendwa kupita vyote, hakikuwa na pambano. Kilikuwa Foley akimletea mwanamieleka mwenzake The Rock watu wa zamani wa maisha yake, mwalimu wake na mpenzi wake wa ujana, na Rock akiwatimua mmoja mmoja. Zaidi ya dakika ishirini za vichekesho. Na tangu Raw ihamie Netflix Januari 2025, hesabu za Netflix zenyewe hugawanya saa zilizotazamwa kwa urefu wa kipindi, kwa hiyo hata huko kurefusha hakumpi mtu sifa ya bure.

Sisi hapa hatumo katika hesabu ya Nielsen na hatutakuwemo. Tuna mama wa mandazi. Anakaanga pale mlangoni, na kila Jumatatu jioni huuliza wapita njia, "Kesho ni nani na nani?" Akijibiwa kwa shauku, anakanda unga mwingi. Akijibiwa "sijui, wale wale," anakanda kidogo na analeta njugu, ambazo hazilali zikaharibika. Mwezi wa Agosti wote tulikula njugu.

Mfasiri alirudishwa Oktoba, kwa malipo ambayo sikuambiwa. Nilichopendekeza cha ziada kikakubaliwa nusu: dakika kumi kabla ya kipindi, taa zikiwa bado zinawaka, mfasiri asimulie deni la wiki iliyopita. Nani alimsaliti nani, nani aliapa nini. Aliyekosa wiki mbili anaingia akiwa amepotea na anatoka hapo akiwa na upande. Siku ya kwanza alisahau jina la mwanamieleka Gunther akamwita Yule Mjerumani, ilhali jamaa ni wa Austria, na hadi leo ukumbi mzima unamwita Mjerumani. Pambano la zamani la saa nzima limeondolewa. Kwa nusu nyingine mzee alikataa: nilitaka kiingilio kiwe ishirini kwa anayekuja wiki nne mfululizo. Akaniuliza nani ataweka daftari. Nikasema mimi. Akaniangalia kama mtu anayekumbuka zile shilingi sitini.

Watu wamerudi, ingawa si kama Machi ile. Kuna Jumanne ambapo kipindi chenyewe ni kibovu, hadithi inazunguka mahali pamoja kama ng'ombe wa kukanyaga udongo wa matofali, na mfasiri hawezi kuokoa asichopewa. Siku kama hizo saa ya mwisho huwa nzito, vijana hutoka nje kuvuta hewa na hawarudi. Spika zile bado ni adui wa maongezi. Aliye benchi la mbele atasikia besi tumboni mpaka Ijumaa. Ukija, kaa la tatu au la nne, upande wa kushoto, mbali na jenereta. Njoo saa moja u nusu ili usikose masimulizi. Mapambano makubwa kama WrestleMania kiingilio hupanda hadi hamsini bila tangazo, na hilo silipendi. Mtu anayepanda boda kutoka Lurambi anastahili kuambiwa mapema.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Mfasiri peke yake ningempa tano. Choo kimekula moja.

Jumatatu jioni wiki hii nilipita mlangoni na mama wa mandazi akaniuliza swali lake. Sikumjibu haraka, nikaanza kumweleza kuhusu Mjerumani na walivyomtukana, na wengine wawili wakasimama kusikiliza, mmoja akanirekebisha, wakaanza kubishana. Mama akaniachia katikati ya maneno, akaingia ndani kuongeza unga. Jumanne karai lilikuwa tupu kabla ya pambano la mwisho, nikarudi nyumbani na njaa.