Ramani ya bure inayovijua vichochoro vya Dar kuliko daladala zake

Kwa wenye haraka, hukumu yangu kwa ramani ya OpenStreetMap ni nyota nne kati ya tano. Kwa kupiga mguu ndani ya Dar es Salaam sijaona kinachoifikia. Kwa kupanda daladala, muulize konda.

Hii ni ile ramani inayochorwa na watu wa kujitolea. Programu za simu zinazoitumia ni nyingi, Organic Maps na OsmAnd ndizo zinazosikika zaidi, na haya ninayoyasema yanahusu ramani yenyewe, ambayo ni moja humo mote. Unaipakua Tanzania ukiwa kwenye Wi-Fi, unazima data, unakwenda zako. Bando lako linabaki salama.

Utamu wake unauonja ukiacha barabara ya lami. Shuka basi la mwendokasi Manzese, ingia ndani kuelekea Tandale, na usishangae kuona kichochoro cha upana wa mtu mmoja kimo kwenye skrini, pamoja na nyumba zilizokibana pande zote mbili. Ramani za mji kwa kawaida huanzia uzunguni. Hii uswahilini ilipata bahati: Tandale ilianza kuchorwa mwaka 2011, kisha mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walipita na wakazi kata kwa kata wakiandika nyumba, mitaro na njia za maji, huku droni zikipiga picha kutoka juu. Lengo lilikuwa kukabiliana na mafuriko. Sisi wazururaji tumefaidi tu.

Kitu kilichonifanya niipende kabisa ni mipaka. Kati ya Manzese na Tandale unavuka kutoka wilaya ya Ubungo kwenda Kinondoni, na njiani huoni bango wala geti. Muuza mihogo wa upande huu na fundi cherehani wa upande ule wanakopeshana chenji siku nzima. Halafu kuna hili la Jiji, ambalo wengi bado halijawakaa kichwani. Tangu Februari 2021, iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni zimebaki manispaa. Kwa hiyo ndugu yangu wa Chanika, anayeamka alfajiri kuwahi kibarua Posta, ni mkazi wa Jiji, na wewe wa Magomeni unayeweza kutembea hadi Kariakoo huna Jiji lako! Fungua ramani, fuata ule mstari wa mpaka, ujionee mwenyewe.

Sehemu ya mstari huo inafuata bonde la Msimbazi. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kumwaga maji baharini pale daraja la Selander, na wengi wetu tunaujua kwa jambo moja: mvua ikizidi, Jangwani haipitiki na mwendokasi unakatishwa njia. Kuufuata kwa miguu pale panaporuhusu ni kuuona mji kwa mgongo wake. Bustani za mchicha, wachimba mchanga, mabomba, viwanja vya mpira ambavyo kiangazi ni uwanja na masika ni mto. Hapa, hata hivyo, ramani imeachwa nyuma. Nyumba nyingi zimebomolewa kupisha mradi wa kuliendeleza bonde hilo, na kuna maeneo ambayo skrini inaonyesha mtaa mzima lakini mbele yako ni uwazi na vifusi.

Ndiyo maana bondeni simu naiweka mfukoni, wala si kwa sababu ya vibaka peke yao. Mtu anayetembea akitazama ramani na kutazama nyumba anatisha. Mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016 watu wa bonde hili waliona alama za X nyekundu ukutani kabla ya tingatinga kufika, na hawajasahau. Mama mmoja nilipomwamkia shikamoo aliitikia vizuri tu, kisha hapohapo akauliza, "Wewe ni wa manispaa?" Nikamwonyesha simu, nikamweleza natembea tu. Akacheka, akaniambia njia niliyoishika inaishia kwenye ukuta mpya. Ramani haikuwa na ukuta huo.

Sasa hiyo nyota niliyoikata. Daladala zetu zina rangi za mistari kuonyesha ruti, na kila mkazi anazisoma, ila kwenye ramani hii ruti hizo hazifuatiki kwa namna ya kumsaidia abiria. Mwendokasi ulioanza Mei 2016 una njia yake na vituo vyake, hivyo kuuweka kwenye ramani ni rahisi. Daladala kituo chake ni mdomo wa konda: "Kwa Mnyamani wapo?" Na majina nayo yana ukaidi wake. Mabasi ya mikoani yalihamishwa Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, lakini kituo cha mwendokasi pale bado kinaitwa Ubungo Terminal. Tabata Dampo haina dampo tangu zamani, wakazi waliishtaki halmashauri ya jiji mwaka 1988 mpaka taka zikaacha kumwagwa pale, na konda bado anaita "Dampo, Dampo!" Usipolijua jina la mtaani, hata ramani nzuri namna gani itakushusha kituo kisicho chako.

Kwa anayetaka kujaribu, aanze Jumapili asubuhi, foleni zikiwa zimelala, kwa njia ya Manzese, Tandale hadi Sinza. Avae viatu vya kukanyaga matope hata kama ni kiangazi, na abebe sarafu za maji ya kunywa na bajaji ya kurudia. Akikuta ukuta, daraja la mbao au mtaro usiomo, programu nyingi zina sehemu ya kuongeza. Ni kufungua akaunti tu. Ule ukuta wa bondeni nimeshauweka.